Habari ya Furu Waliopotea



Siku moja baada ya ibada mzee mmoja, mvuvi wa Musoma, aliniuliza hivi: "Mchungaji, wajukuu wangu wamefundishwa shuleni ya kwamba viumbe vingi vilikufa zamani, kabla ya watu kuwako, na dunia ikajaa tena. Basi kwa nini tuwahuzunikie furu? Mimi sangara amenijengea nyumba." Sikuweza kumjibu palepale. Leo napenda tulitazame swali lake pamoja.

Neno la wajukuu ni kweli. Wachunguzao mawe na mifupa ya kale hutuambia ya kuwa mara tano viumbe viliangamia kwa wingi mno. Maangamizi yaliyopita yote yalitokea yapata miaka milioni 252 iliyopita, na aina nyingi sana za viumbe vya baharini zikakoma. Ya mwisho yalikuwa miaka milioni 66 iliyopita, jiwe kubwa kutoka angani lilipoipiga nchi iitwayo leo Meksiko. Ndipo walipokoma dinosauri. Wanyama wanyonyeshao, ambao wengi wao walikuwa wadogo, wakapata nafasi, wakaongezeka wakawa wa namna nyingi. Na katika jamaa hiyo tumo na sisi.

Sasa tutazame ziwa letu. Yapata miaka 15,000 iliyopita Ziwa Viktoria lilikauka. Maji yaliporudi, furu walioingia wakazaa, na uzao wao ukagawanyika hata zikawa aina 500 na zaidi. Wengine walikula konokono, wengine wadudu, wengine matope ya chini, na kila aina ilikuwa na rangi yake. Majike huchukua mayai kinywani hata watoto waanguliwe.

Kisha, katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, sangara alitiwa ziwani, asiyekuwamo hapo kwanza. Waliomtia walitaka samaki mkubwa wa kuliwa na kuuzwa, maana furu ni mdogo. Katika miaka ya 1980 sangara alijaa pote, na furu, waliokuwa kama sehemu nne katika tano za uzito wa samaki wote, wakatoweka. Aina 200 hivi hudhaniwa kuwa zimekoma. Wala kosa si la sangara peke yake. Udongo na taka za mashamba na miji zimeyatia maji giza, na jike wa furu humchagua dume kwa rangi yake; asipoiona, aina huchanganyika.

Lakini tusiseme uongo. Sangara amewalisha watu, amewalipia watoto karo, na wengi wetu tumepokea sadaka iliyotoka katika nyavu zake. Simlaumu mzee kwa shukrani yake.

Hata hivyo namjibu hivi. Baada ya maangamizi yale makubwa dunia ilikaa mamilioni ya miaka kabla ya kujaa tena. Hakuna mvuvi awezaye kungoja hivyo, wala mjukuu wake. Tena lile jiwe halikujua lilifanyalo, bali sisi twajua. Nalo aliulizwi mtu ila lile alijualo.

Na kuna neno kubwa kuliko hayo. Dunia haikujazwa na waliokufa, ilijazwa na waliobaki. Mkulima wa Bunda alijua hili vema: mvua ikikosa mwaka mmoja, yaweza kurudi mwaka wa pili, lakini aliyekula mbegu yake mvua humkuta hana cha kupanda. Sangara alipovuliwa sana, katika miaka ya 1990 baadhi ya furu walionekana tena. Aina moja katika ghuba ya Mwanza ilikutwa na mashavu ya kupumulia yaliyokuwa makubwa kuliko ya mababu zake, yafaayo katika maji mabaya. Hao waliweza kubadilika kwa sababu walikuwako. Aina iliyokwisha haina mtoto wa kubadilika.

Mkumbuke safina ya Nuhu. Waliingizwa humo hata wanyama wasiofaa kwa chakula. Nuhu hakuulizwa ni yupi mwenye faida sokoni. Aliagizwa kuwahifadhi hai.

Basi, ndugu walimu wa sharika za Musoma, Bunda na Butiama, wafundisheni wavuvi waache nyavu za macho madogo na sumu. Wafundisheni walimao kando ya mto Mara waache ukanda wa majani, ili udongo usishuke ziwani. Hayo twayaweza.

Nilipomwambia mzee haya alinyamaza kitambo. Kisha akaanza kunihesabia rangi za furu aliowavua kwa ndoana utotoni: mwekundu, wa manjano, mweusi mwenye mgongo wa samawati. Alipofika wa nne akasema, "Huyu sijamwona tena tangu watoto wangu wazaliwe."