Kununua Pikipiki Usiyoiona

Yako mambo ya sokoni ambayo watu huyacheka tu, kumbe ndani yake mna swali zito la haki. Moja ni hili la kununua chombo pasipo kukiona. Siku hizi mtu aliye Kilosa aweza kupata habari za pikipiki kuukuu inayouzwa Mikumi. Huletewa picha tatu nne kwa simu, hutajiwa bei, na fedha huzipeleka kwa simu iyo hiyo kabla jua halijachwa. Chombo kikiwa kibovu watu husema, "Ameuziwa mbuzi kwenye gunia," nao hucheka. Nami nataka kuuliza: hapo aliyekosa ni nani? Ni yule asiyekwenda kutazama, au ni yule aliyenyamaza?

Tuseme yuko kijana wa Rudewa aliyeuza ufuta wake ili apate chombo cha kuchukulia abiria. Kwenda Kilosa, kisha kupita Ulaya hata afike Mikumi, ni siku nzima na nauli. Tena asipoipenda atarudi mikono mitupu. Hata akienda, ataona nini? Yeye si fundi. Ataona rangi, na taa, na kiti kilichoshonwa upya. Mwenye kuuza akiipasha moto injini kabla mgeni hajafika, mgeni hatajua kwamba asubuhi hukataa kuwaka. Ringi zikiisha, moshi wa buluu hutoka, lakini ukitia oili nzito moshi hupungua kwa siku kadhaa. Chesesi iliyopinda katika ajali huchomelewa ikapakwa rangi. Nasi watu wa Kilosa tunayo habari ya maji pia. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaingia makao ya watu, ukaiharibu na reli. Chombo kilicholala majini namna ile huweza kuoshwa na kukaushwa hata kikang'aa, na oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa humwagwa, ikatiwa nyingine.

Basi wasemao kwamba angaliona asingalidanganyika, sidhani kama wamelifikiri sana neno hilo. Msemaji mkuu wa Warumi, Cicero, katika kitabu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo juu ya wajibu wa watu, asimulia habari za Canius, Mrumi aliyetaka kununua bustani kando ya bahari huko Syracuse. Mwenye bustani, jina lake Pythius, alimwalika chakulani. Kisha kwa siri akawaagiza wavuvi waje kuvua mbele ya bustani ile siku hiyo. Canius alipofika aliona mashua tele, na samaki wakimwagwa miguuni pa mwenyeji wake. Akanunua kwa bei aliyotakwa. Kesho yake hapakuwa na mashua hata moja. Alipomwuliza jirani kama ni sikukuu ya wavuvi, jirani akamjibu kwamba hapo hapajavuliwa kamwe, naye mwenyewe alishangaa jana. Canius alikuwa na macho mawili, akayatumia yote mawili.

Katika kitabu kicho hicho Cicero aeleza mashindano ya wanafalsafa wawili wa Kiyunani. Diogenes alisema kwamba muuzaji ataje makosa ambayo sheria yamlazimisha kuyataja, na katika mengine asidanganye. Walakini kunyamaza si kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, akamkataa: lo lote alijualo muuzaji, imempasa mnunuzi alijue pia. Cicero aliona kwamba muuzaji hana ruhusa ya kuficha, nami naona hivyo. Lakini hoja iliyo kali zaidi kwa habari yetu naipata kwa Thomas Aquinas, aliyeandika katika karne ya kumi na tatu. Yeye agawanya vilema vya kitu kinachouzwa. Kilema kilichofichika ni lazima kitajwe. Kilema kilicho wazi, mathalani farasi mwenye jicho moja, si lazima kukitaja, maadamu bei imepunguzwa kwa kadiri yake, kwa kuwa mnunuzi ana macho ya kukiona.

Tazama sasa linalotukia mnunuzi akiwa Rudewa na farasi akiwa Mikumi. Jicho lile moja halipo wazi tena. Kila kilema, hata kile ambacho mtoto angekiona, kimekuwa kilema kilichofichika. Meno ya sproketi yaliyochongoka, breki isiyoshika, namba ya chesesi isiyolingana na ile ya kwenye kadi, yote hayo yamefichika kwa umbali wenyewe. Kwa hiyo nasema kwamba muuzaji hakupunguziwa wajibu kwa kuwa mwenzake hakuja, umezidi. Amekuwa macho ya mtu mwingine. Naye apigapo picha ya upande wa kuume, akaacha upande wa kushoto ulio na kovu la kuchomelewa, amekwisha kusema neno, tena la uongo. Methali yetu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika simu kizuri na kibaya vyote hutembezwa, na mtu hawezi kuvitambua kwa mwendo wao.

Jirani zetu Waislamu walilipima jambo hili zamani. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani, hukataa mauzo ya kitu kisichoonwa. Wa Hanafi huyakubali, ila mnunuzi akiisha kukiona ana hiari ya kukirudisha. Sheria ya nchi ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, nayo yataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Lakini juu ya ubora wa kitu, humbana zaidi mwenye biashara ya vitu vya namna hiyo kuliko mtu auzaye pikipiki yake moja tu. Hapo ndipo dhamiri inapoachwa peke yake.

Labda mtu atasema, "Bei ilikuwa ndogo, angejua." Namkubalia nusu. Muuzaji akisema waziwazi, "Mimi sikuifungua injini, sijui hali yake, ichukue kama ilivyo," hana hatia, maana ametoa ujinga wake wazi. Tena kijana asiyeuliza hata swali moja, wala kumtuma fundi wa Mikumi kwa fedha kidogo, amejitia hatarini mwenyewe. Lakini uvivu wa mmoja haumpi mwingine ruhusa ya kuuvuna. Wala hasara haiishii kwao wawili. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, alionyesha kwa mfano wa motokaa kuukuu kwamba wanunuzi wasipoweza kupambanua nzuri na mbovu, hutoa bei ya wasiwasi. Ndipo wenye nzuri huacha kuuza, sokoni zikabaki mbovu. Basi mtu wa Mikumi aliyetunza pikipiki yake miaka minne hapati thamani yake, kwa ajili ya uongo wa watu asiowajua. Nayo breki isiyotajwa haitamwua muuzaji. Itamwua mama aliyepakiwa usiku kupelekwa hospitali ya Kilosa.

Limebaki swali ambalo kwangu ndilo gumu kupita yote. Kijana wetu ameipokea, ameona injini imekufa, na aliyemwuzia hapokei simu. Ufuta umekwisha. Aweza kuiosha, kutia oili nzito, kupiga picha za upande wa kuume, na kuipeleka kwa mtu wa Dumila. Moyo wake utamwambia kwamba yeye alitendwa vivyo hivyo, naye ajirudishia iliyo yake. Lakini mtu wa Dumila hakumtenda neno. Mwenye deni lake yuko Mikumi; huko ndiko akadai, kwa wazee, au kwa serikali ya kijiji, au mahakamani akiwa na zile picha na maneno yaliyoandikwa katika simu. Na kama akishindwa kudai, auze vipande kwa fundi kwa jina la vipande, apate kidogo kitakachopatikana, na msimu ujao apande tena ufuta.