Rangi ya Mrututu ni ya Nani?

Waliokulia kwenye kahawa ya Kilimanjaro wanaujua mrututu: chenga za bluu zinazoyeyushwa na kupulizwa kwenye majani, na shati la mpulizaji halitakati tena. Mimi nilikuja kuufundisha maabara kwa jina la salfeti ya shaba. Ukipashwa moto hubaki unga mweupe. Tone la maji huirudisha bluu. Ukimimina amonia ya kutosha, bluu hukolea hata ikakaribia zambarau. Katika asidi kali ya hidrokloriki hugeuka kijani chenye umanjano. Muda wote huo shaba ni ileile na chaji yake ni ileile. Msichana mmoja wa kidato cha sita aliniuliza: "Mwalimu, sasa hiyo rangi ni ya nani?"

Jibu la kitabu lipo. Ioni ya metali hukaa katikati, ikizungukwa na molekuli au ioni ziitwazo ligandi. Ligandi ndizo zinazotoa jozi za elektroni za kufungia. Metali hupokea tu. Idadi ya vifungo hivyo, mara nyingi minne au sita, ndiyo namba ya koordinesheni. Ligandi zikisogea, elektroni za metali hugawanyika katika ngazi za nishati, na pengo kati ya ngazi huamua ni mwanga upi utakaomezwa. Amonia hupanua pengo kuliko maji, ndiyo maana bluu inakolea.

Kwa hiyo rangi ni ya ligandi? Izungushie zinki maji yaleyale, kisha amonia ileile: haina rangi kabisa, kwa kuwa ngazi zake zimejaa na hakuna elektroni ya kupanda. Basi ni ya shaba? Huo unga mweupe nao ni shaba.

Nililikumbuka swali hili kwenye kikao cha ukoo, mpwa wangu alipotoweka na fedha za kahawa za nyumba nzima. Mashangazi walisema ni vijana wa stendi waliomharibu. Mwinjilisti akapinga: roho ya mtu ni yake, na siku ya hukumu itasimama peke yake, bila stendi. Kila upande ulikuwa na nusu ya maabara yangu. Mashangazi walisahau zinki. Wako vijana walioshinda stendi hiyohiyo na hawakuiba hata ndizi. Mwinjilisti naye anasema "peke yake" kama mtu aliyewahi kuiona. Hata katika ule unga mweupe shaba imezungukwa na oksijeni za salfeti. Ni kwamba mwanga inaoumeza sasa macho yetu hayauoni.

"Mwinjilisti," nilimwambia, "Adamu alipoitwa bustanini, swali la kwanza lilihusu alipo." Alicheka, akasema walimu wa sayansi tuna Biblia yetu. Lakini sikuwa natania. Mwaka 1893, Alfred Werner wa Zürich alidai kwamba kujua viungo vya kampaundi na idadi yake hakutoshi, lazima ujue kila kimoja kimekaa wapi. Alikuwa na chumvi za kobalti, zenye kloridi tatu kila moja. Ukitia nitrati ya fedha, ile yenye amonia sita huachia kloridi zote tatu, yenye tano huachia mbili, yenye nne huachia moja. Zilizobaki zimefungwa kwenye metali yenyewe, haziitiki. Na hiyo yenye amonia nne huja kwa namna mbili, ya kijani na ya urujuani, bila tofauti hata ya atomi moja. Tofauti ni kloridi mbili zilizofungwa: ziko jirani au zinatazamana. Platini yenye kloridi mbili na amonia mbili ni vivyo hivyo. Zikiwa jirani ni sisplatini, dawa ya saratani inayotumika hospitalini. Zikitazamana, hospitali haina kazi nayo.

Ndiyo maana sikubali kosa la mpwa wangu ligawanywe, fungu la stendi na fungu la roho yake. Rangi haigawanyiki hivyo. Adamu alimtaja mkewe, mkewe akamtaja nyoka, na hakuna aliyepunguziwa kwa kumtaja mwenzake. Kila mmoja aliambiwa lake, zima. Nadhani hata vijana wa stendi wana lao.

Mwinjilisti alitaka mpwa wangu, akirudi, apewe wiki moja kuonyesha toba. Hapo ndipo nilipobisha kweli. Henry Taube, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1983, alionyesha kuwa metali hazibadilishi ligandi kwa mwendo mmoja. Shaba ndani ya maji huachia molekuli moja ya maji na kushika nyingine kabla hata sehemu ya milioni ya sekunde haijapita. Kromi yenye chaji tatu, katika maji hayohayo, huchukua siku kadhaa, na hilo halihusiani na uimara wa kifungo tu. Ni mpangilio wa elektroni zake. "Sasa wewe, Mwinjilisti," nikamuuliza, "umepima kijana huyu ni shaba au kromi?"

Akasema tumpe mpaka msimu wa kuchuma. Mashangazi bado wanaona ni muda mrefu mno.