Je, Jirani Yetu ni Mgeni?

Somo: Waefeso 2:11–22



Wazee wetu wanakumbuka Februari 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa. Mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1967, ilivunjika. Wako waliozikwa, na ndugu zao wa ng'ambo wasifike mazikoni. Mpaka haukufunguliwa hata Novemba 1983.

Jumuiya ilifufuka kwa Mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Somalia ilipoingia mwaka 2024, nchi wanachama zikawa nane. Mwisho wa safari, kwa Mkataba huo, ni shirikisho la kisiasa. Lakini Watanzania walipoulizwa, maoni yaliyotolewa 2007 yalionyesha kwamba wengi walikubali shirikisho, ila walikataa liharakishwe. Walihofia ardhi na kazi.

Hofu hiyo si dhambi. Kulinda shamba la watoto ni wajibu wa mzazi. Mtakatifu Paulo hakuona haya kujitaja kuwa Myahudi wa Tarso, tena alidai haki yake ya uraia wa Kirumi. Na siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuzifuta lugha za watu. Kila mmoja alisikia kwa lugha ya kwao.

Dhambi huanza hofu inapogeuka kuwa dharau. Jumapili twanywa kikombe kimoja na mama aliyetoka ng'ambo ya mpaka. Jumatatu sokoni twamwita "mgeni", na kumnyima mahali pa kupanga nyanya zake. Je, pale altareni tulishiriki nini?

Kanisa letu nalo lina historia yake. Jimbo la Afrika Mashariki, lililoundwa 1960, liligawanywa 1970 likawa majimbo mawili, Kenya na Tanzania. Tukawa na Maaskofu Wakuu wawili, lakini Meza ya Bwana ilibaki moja. Basi twajua kwamba mpaka waweza kuwapo pasipo uadui.

Shirikisho lije upesi, lije polepole, au lisije, hilo ni shauri la wananchi. Lakini kama jirani ni ndugu au si ndugu, hilo halipigiwi kura. Kristo alikwisha kulikata msalabani, alipoubomoa ukuta uliotutenga.

Kwa hiyo, kabla hatujaijia Meza Jumapili ijayo, twende kwanza sokoni, tumwombe radhi mama yule, tumsogezee nafasi.

Bwana atupe neema ya kutenda hivyo. Amina.