Deni Lililoandikwa na Lisiloandikwa

Mpwa wangu, mwalimu wa skuli huko Bara, alinionyesha hati ya mshahara wake akaniuliza: "Mjomba, nikimpunguzia mama kwa sababu ya hii, nina makosa?" Aliyoielekezea kidole ilikuwa ni makato ya mkopo wa chuo kikuu: asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ikatwayo kabla fedha hazijamfikia mkononi.

Mimi chuo sikukiona. Nilichonacho nimekidonoa vitabuni, wala sidaiwi na Bodi yoyote. Huenda ndiyo maana jawabu halikunijia upesi.

"Kukopa arusi, kulipa matanga," husema watu wetu, na mara nyingi kwa kumcheka mdaiwa. Lakini aliyekopa ada hakula arusi yoyote. Tangu Serikali ilipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuwachangisha wanafunzi gharama ambazo zamani ikiwalipia, mtoto wa mvuvi amekuwa na njia mbili: akope au abaki nyumbani. Bodi ya Mikopo ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, Zanzibar ikaunda yake mwaka 2011, na fedha zinazorejeshwa husaidia kuwakopesha wajao nyuma. Kwa hiyo alikimbiaye deni hili hamdhulumu waziri. Amdhulumu mtoto wa mvuvi mwingine. Hapo sina shaka.

Shaka yangu i katika namna. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul-Baqara, yahusu deni. Yaamrisha liandikwe, na mwenye kumtamkia mwandishi maneno ya kuandika awe ni mdaiwa, si mdai. Mimi niliyezeeka katika kazi ya kufasiri maneno ya wengine najua uzito wa kumwachia mtu aseme kwa ulimi wake. Mpwa wangu alipokopa, makato yalikuwa asilimia 8. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, yakawa 15, kwa waliotia saini zamani na wapya sawasawa. Mdaiwa hakuulizwa. (Tutoe na haki yao: ile nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha, na ambayo wengi tuliiona ni riba iliyobadili kanga, iliondolewa mwaka 2021.)

Sasa, dada yangu aliuza bangili zake mbili kwa nauli, godoro na matumizi ya mwezi wa kwanza. Hilo halikuandikwa popote. Tukiliita deni, tumemfanya mama kuwa mkopeshaji, naye atakasirika. Tukiliita zawadi, basi mtoto hadaiwi kitu. Mbona basi aliona haya kuniuliza? Nionavyo, lililoandikwa hutangulia kwa sababu moja tu: mkono wake umo ndani ya mshahara. Kutangulia huko si uzito.

Sikumwambia kuwa ana makosa au hana. Nilimwambia asipunguze kimyakimya. Aende na hati ile, amsomee mama yake kwa ulimi wake mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu.

Alikwenda Ijumaa. Dada yangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza imebaki miaka mingapi.