Ada umelipa, mkono wa mtoto ameushika nani?

SIKU moja ya Jumamosi nilikuwa nimekaa barazani nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne, akapita mbele yangu huku anahesabu kwa sauti ya kuimba: moja, mbili, tatu, mpaka akafika hamsini bila kukosea. Nilifurahi, nikajisemea moyoni kwamba ada ninayolipa chekechea haijapotea bure. Nikamwita: “Mama, nenda jikoni kaniletee vijiko vitatu.” Akaenda mbio. Aliporudi alikuwa amekumbatia vijiko vyote vilivyokuwemo chomboni. Nikamwambia kwamba nimetaka vitatu tu. Akaniangalia kwa mshangao, kisha akaanza kuimba tena: moja, mbili, tatu, nne...

Nilicheka, lakini kicheko hakikudumu. Daftari lililokuwa mapajani mwangu lilikuwa la kijana wa kidato cha pili aliyeorodhesha nguzo zote sita za udhu, hakukosa hata moja. Kijana huyo huyo nilimwona wiki ile ile bombani akitawadha na kuondoka visigino vyake vikiwa vikavu, jambo ambalo Mtume (s.a.w) alilionya kwa ukali. Nikaona kwamba mwanangu na mwanafunzi wangu wana ugonjwa mmoja. Elimu yao imekaa mdomoni, haijashuka mikononi.

Na lililoniuma zaidi ni kumbukumbu ya siku chache nyuma. Mama yake alikuwa anachambua mchele. Mtoto akaomba ungo naye achambue. Mchele ukamwagika sakafuni. Mimi, mwalimu wa watoto wa watu, nikamfokea, nikampa simu akae pembeni aangalie katuni. Nilimnyang’anya somo la kuhesabu, nikamlipia ada mtu mwingine amfundishe kuhesabu.

Swali la uwakala

Ndugu msomaji, tukio hilo ndilo lililonifanya nijiulize swali ambalo napenda tulitafakari pamoja. Je, malezi ya mtoto mdogo ni jambo linaloweza kuwakilishwa?

Tunajua katika sheria yetu kwamba yapo mambo ambayo Muislamu anaweza kumweka mwenzake ayafanye kwa niaba yake. Unaweza kumpa mtu zaka yako akaifikishe kwa wanaostahiki. Unaweza kumwakilisha mtu akuchinjie. Hata Hija, kwa asiyejiweza, yupo anayeweza kumhijia. Lakini swala hakuna wa kukuswalia. Uwe tajiri, uwe kiongozi, utasimama mwenyewe kwa miguu yako, na ukishindwa kusimama utaswali umekaa, na ukishindwa kukaa utaswali umelala.

Sasa malezi ya miaka ile ya mwanzo, kabla mtoto hajaanza darasa la kwanza, yako upande gani? Ni kama zaka, kwamba ukishatoa fedha na kumkabidhi mwaminifu umemaliza? Au ni kama swala?

Wazazi wengi wa mjini, nami nikiwemo, tunaishi kana kwamba jibu ni zaka. Alfajiri mtoto wa miaka mitatu anaamshwa, anavalishwa sare akiwa bado anasinzia, anapandishwa basi la shule. Mchana anarudi, anapokelewa na binti wa kazi ambaye pengine naye ni mtoto. Jioni ustadhi wa madrasa, usiku runinga. Kila mmoja katika hao amelipwa. Mzazi anarudi amechoka, anauliza swali moja tu: “Leo umefundishwa nini?” Hajiulizi, “Leo mimi nimemfundisha nini?”

Mikono ya Mtume (s.a.w)

Tukirejea katika mafundisho ya Mtume (s.a.w) tutakuta kwamba mara nyingi hakufundisha kwa ulimi peke yake. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a), Mtume alipita kwa kijana aliyekuwa anachuna mbuzi na hakuwa hodari wa kazi ile. Hakumfokea wala hakumpa hotuba. Alimtaka asogee pembeni ili amwonyeshe, kisha akaingiza mkono wake baina ya ngozi na nyama mpaka ukazama kwapani, halafu akaenda kuwaswalisha watu. Tazama jambo hili. Mtume wa Allah yuko njiani kwenda kuswalisha, lakini anasimama kumfundisha kijana kazi ya mikono kwa mikono yake mwenyewe.

Abdullah bin Abbas (r.a), naye akiwa mtoto, alilala nyumbani kwa khalati yake Maimuna (r.a), mke wa Mtume. Usiku Mtume akasimama kuswali, na Ibn Abbas akaenda kusimama kushotoni kwake. Mtume akamshika kwa mkono akamhamishia kuliani. Somo la mahali pa maamuma lilipita kwenye mkono, na Ibn Abbas akalikumbuka maisha yake yote mpaka sisi tukalipata kwake. Umar bin Abi Salama (r.a), aliyelelewa na Mtume, alifundishwa adabu za kula wakati mkono wake uko ndani ya sahani, unazunguka huku na huku. Na swala yenyewe, Mtume aliwaambia maswahaba waswali kama walivyomuona yeye akiswali.

Qur’an nayo inatukumbusha katika Surat an-Nahl kwamba Allah (s.w) alitutoa matumboni mwa mama zetu hatujui chochote, akatupa masikio, macho na nyoyo. Mtoto huanza na milango hiyo: anasikia, anaona, anagusa. Anayetaka kumwingizia maneno tu, milango mingine ikiwa imefungwa, anapita dirishani wakati mlango uko wazi.

Mbona Mtume alilelewa na Halima?

Hapa msomaji makini atanipinga. Atasema, mbona Mtume (s.a.w) mwenyewe alipelekwa kwa Halima wa Bani Saad akiwa mchanga? Huo si uwakala?

Ni hoja nzito na haifai kuikwepa. Jibu langu ni kwamba kweli kazi ya kulea inaweza kusaidiwa, na dini haikumkataza mzazi kutafuta msaidizi. Lakini tuangalie alipelekwa wapi. Alipelekwa kwenye nyumba, kwa mama, katikati ya watoto wenzake, mifugo na hewa safi. Hakupelekwa kukalishwa kwenye benchi. Msaidizi yule alikuwa mlezi kamili, mtoto akiishi katika maisha yake.

Basi naona jibu la swali letu liko hivi. Herufi, tarakimu na hata juzuu vinaweza kupitia kwa wakala. Kisichowakilishika ni kule mtoto kushirikishwa katika maisha ya watu wake mwenyewe, kujua kwamba mikono yake inahitajika katika nyumba hii. Hilo hakuna mwalimu anayeweza kumpa kwa niaba yako, kwa sababu nyumba ni yako. Na hadithi mashuhuri ya uchungaji, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, imemtaja mwanamume na watu wa nyumba yake, na mwanamke na nyumba ya mumewe.

Si wengine, ni sisi

Mwaka 1907 daktari wa Kiitaliano, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa watu maskini wa San Lorenzo, mjini Roma, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao walikuwa wakishinda kazini. Aliwapa kazi za kweli za mikono: kumimina maji, kufunga vifungo, kusafisha, kupapasa herufi kwa kidole kabla ya kuziandika. Leo shule zenye jina lake zimeenea duniani, na hapa mjini baadhi yetu tunazilipia fedha nyingi.

Sisemi hilo ni baya. Hekima ni ya kuchukuliwa popote inapopatikana. Nasema tu kwamba kumimina, kufunga, kufagia na kuchambua ni kazi zilizomo ndani ya nyumba ya kila mmoja wetu. Bibi zetu wa pwani walimkalisha mjukuu ubavuni wakati wa kusuka ukili, naye akapewa wake mdogo. Watoto walijua hesabu kwa mdako na kwa kete za bao. Chuoni waliandika aya kwenye ubao, wakauosha, wakaandika tena. Tumeyaacha hayo majumbani kwetu, kisha tunayanunua kwa bei kubwa.

Upuuzi na israfu

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuhalalisha mchezo, na Muislamu hana muda wa upuuzi. Tuwakumbushe kwamba Bibi Aisha (r.a) alikuwa akicheza na wanasesere wake na Mtume hakumkataza. Mtume alimtania mtoto Abu Umair juu ya kindege chake. Na katika Bukhari na Muslim, ar-Rubayyi bint Muawwidh (r.a) anasimulia kwamba walipowafungisha watoto siku ya Ashura waliwatengenezea vichezeo vya sufu, na mtoto akililia chakula walimpa kichezeo hicho mpaka wakati wa kufuturu. Mama hao walikaa wakatengeneza vichezeo kwa mikono yao ili ibada iwe nyepesi kwa watoto. Imam Ghazali, katika Ihya Ulumuddin, aliwausia wazazi wamwachie mtoto mchezo mzuri baada ya masomo, akionya kwamba kumnyima mchezo na kumchosha kwa masomo kila wakati huua moyo wake na huzima akili yake.

Wengine watauliza juu ya israfu, mtoto anapochezea unga na mchele. Wana haki, chakula ni neema. Lakini donge la chapati alilolikanda mtoto linakwenda kikaangoni na analila mwenyewe. Maharage aliyoyachambua yanainjikwa jikoni. Mtoto hahitaji chakula cha kuchezea, anahitaji sehemu yake ndogo katika kazi ya kweli. Kikimwagika kidogo, kiokotwe naye, kwani kuokota nako ni somo.

Tufanye nini?

Si lazima uwe na fedha. Mwachie apange sahani kwa idadi ya watu wa nyumbani, hapo atajua “tano” ni nini. Aoanishe kandambili na soksi. Mpe beseni, kikombe na maji kidogo amimine, kisha mfundishe udhu hapo hapo kiungo kwa kiungo, visigino visisahaulike. Mchoree herufi ba kwenye mchanga aifuate kwa kidole. Aoteshe kunde kwenye kopo aone Allah (s.w) anavyoitoa mbegu ardhini. Ramadhani ikifika, apange tende kokwa tatu tatu kwenye visahani, na kimoja akipeleke kwa jirani kwa mkono wake. Hapo amejifunza hesabu, sadaka na ujirani kwa dakika kumi.

Tahadhari nayo ni sehemu ya amana. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu asiachiwe gololi, maharage wala visoda, kwani hutia kila kitu mdomoni. Ndoo ya maji inaweza kumzamisha mtoto mdogo kwa muda mfupi, hivyo asiachwe nayo peke yake. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda, na jiko la mkaa liwe mbali.

Na kina baba tusijitoe. Bibi Aisha (r.a) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika alitoka kwenda kuswali. Hatuna udhuru wa kusema jikoni si kwetu.

Ama mama anayeondoka alfajiri kuuza vitumbua asijione mkosefu. Allah (s.w) haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Mama huyo akimpa mwanawe kibakuli ahesabu vitumbua kumi vya kwanza, huenda amemlea zaidi kuliko mimi niliyekuwa barazani na simu mkononi. Na binti wa kazi naye ana haki kwetu. Tukimkabidhi mtoto, tumfundishe, tumheshimu, na tukumbuke kwamba naye ni amana.

Siku ile ya vijiko niliyaweka madaftari pembeni. Tulikwenda jikoni, tukavirudisha vijiko chomboni kimoja kimoja. Kimoja cha baba, kimoja cha mama, kimoja chake. Alipofika cha tatu akasimama, akaviangalia, akanyanyua uso na kusema, “Vimetosha.” Hakuimba.

Tumuombe Allah (s.w) atujaalie watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu, na atupe muda na subira ya kuwashika mikono kabla mikono hiyo haijakua ikaondoka. Amin.

Wallahu a’alam.