Kumkumbuka Mzazi Aliyekuwa Mwenye Mgahawa



Imenifikia barua ya kijana mmoja wa Heru Juu, katika nchi ya Kasulu, aliyeingia katika Uislamu akiwa mtu mzima. Baba yake amefariki dunia akiwa katika dini yake ya Kikristo. Kijana anauliza: Je, yafaa nimkumbuke na kumsifu baba yangu mbele za watu, au imenipasa ninyamaze kwa kuwa hakusilimu? Naileta barua hii mbele yako bila ya kumtaja mwenyewe kwa jina, kwani najua wengi miongoni mwenu mna swali hilohilo kifuani, wala hamjapata wa kumwuliza.

Kwanza sikiliza habari za marehemu, kama mwanawe alivyoniandikia.

Alikuwa na mgahawa mdogo karibu na stendi, au hoteli kama watu waiitavyo: meza nne, mabenchi, na jiko la kuni nyuma. Asubuhi za vilimani ni za baridi, na abiria wa Kibondo na wa Kigoma hushuka wakitetemeka. Yeye alikwisha kuamka saa kumi za usiku, chai tayari na maandazi yanatoka katika mafuta. Mchana palikuwa na ugali wa muhogo, maharage, na migebuka iliyopandishwa kutoka Ziwa Tanganyika. Jioni alifunga mapema kuliko wenzake, ingawa jioni ndiyo yenye fedha, akaenda nyumbani kula pamoja na mkewe na watoto. Kila usiku alimhesabia mkewe mapato hadi senti ya mwisho. Watoto wake walijifunza kujumlisha na kutoa katika daftari la wadaiwa.

Mwanawe aliposilimu, mzee alikasirika, na kwa miezi mingi hawakusemezana. Kisha ikafika Ramadhani. Siku ya tatu, lilipokaribia jua kuchwa, mtoto mdogo alitumwa na sahani iliyofunikwa: chapati, samaki na kikombe cha uji. Hapakuwa na salamu wala ujumbe. Sahani ile ilikuja kila siku mpaka mwezi ulipoandama. Na tangu mwaka ule, mbuzi hakuchinjwa katika mgahawa ule ila kwa mkono wa Mwislamu, ili kijana apate kula nyama ya baba yake.

Basi, ndugu yangu, mtu kama huyo tunyamaze juu yake?

Ziko habari katika maisha ya Mtukufu Mtume s.a.w. ambazo ni jibu wazi kuliko maneno yangu. Katika mwaka wa 9 wa Hijra waliletwa Madina mateka wa kabila la Tayy, na miongoni mwao alikuwamo binti wa Hatim. Hatim alikuwa amekufa, naye hakuwa Mwislamu. Lakini Bara Arabu nzima ilimjua kwa kulisha wageni na wenye njaa. Yule binti akasimama mbele ya Mtume s.a.w. akamweleza jinsi baba yake alivyokuwa akiwafungua wafungwa na kuwashibisha wenye njaa. Mtume s.a.w. hakumwambia anyamaze kwa kuwa baba yake alikufa nje ya imani. Alikiri kwamba sifa hizo ni za waumini, akaamuru aachwe huru kwa kuwa baba yake alipenda tabia njema, kisha akampa mavazi, chakula cha njiani na kipando. Binti yule akaenda Shamu kwa nduguye Adi, na Adi akaja Madina akasilimu. Tazama basi: sifa njema za maiti zilimfungua mtoto mmoja na kumwongoza mwingine.

Na Bibi Asma binti Abubakar r.a. alipotembelewa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina, aliuliza kama amkaribishe. Aliamriwa aunge udugu naye. Sura Luqmaan nayo yafundisha kwamba mzazi anayekushurutisha kumshirikisha Mungu usimtii katika hilo, bali ukae naye kwa wema katika mambo ya dunia. Ikiwa mzazi mwenye kukupinga ana haki hiyo, je, yule aliyekuletea futari?

Lakini sitaki nikudanganye kwa maneno matamu. Bibi Aisha r.a. aliuliza habari za Abdullah bin Jud'an, tajiri wa Makka aliyelisha maskini zama za ujahili, naye hakujibiwa kwamba ulishaji wake utamwokoa, kwa sababu hakuna siku aliyomwomba Mola wake msamaha wa makosa yake. Kwa hiyo usimpe baba yako cheti cha peponi. Wala usimpe cha motoni, maana vyeti hivyo haviandikwi na mkono wako wala wangu. Rehema ya Mwenyezi Mungu imekienea kila kitu, na Yeye ajua alichomwambia mja wake saa kumi za usiku mbele ya jiko. Wewe umeitwa utoe ushahidi wa uliyoyaona. Yatoe.

Mkoa wa Kigoma umemtoa Sheikh Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na jina lake li juu ya uwanja wa michezo wa Arusha. Heru yenyewe yamkumbuka Mwami Tereza Ntare, aliyeshika utawala mwaka 1946. Mwenye mgahawa hana uwanja. Ana mke, watoto, na watu walioshiba. Mwanawe akinyamaza, nani atasema?

Limebaki lile daftari. Kijana ananiambia lina majina mengi: makuli, wanafunzi, wajane, hata wakimbizi waliopita wakiahidi kurudi. Ndugu zake wanataka kuwadai wote. Mgawanyo wa mirathi una mlango wake, nami leo siuingii. Lakini kwa Mwislamu mafundisho ya Sura Al-Baqara ni dhahiri: mdaiwa mwenye dhiki apewe nafasi, na kumsamehe ni bora zaidi. Mtume s.a.w. alisimulia pia habari za mfanyabiashara aliyekuwa akiwaagiza watumishi wake wawasamehe wasio na uwezo, naye Mungu akamsamehe.

Basi nimemwandikia kijana akae na mama yake na ndugu zake, kwa upole, si kwa kuwahutubia. Waanze na madeni ya marehemu mwenyewe, ya mwuza unga na ya mwuza samaki, walipwe kabla ya jambo lolote, kwani Mtume s.a.w. hakulifanyia deni la maiti wepesi. Kisha wafungue daftari ukurasa kwa ukurasa. Mwenye duka atalipa. Mjane, wamwulize mama. Yeye ndiye aliyekuwa akisomewa hesabu kila usiku, naye anajua ni majina gani mumewe aliyaandika bila ya kutia nia ya kuyadai.