Maji ya Chini ya Shamba Ni ya Nani?



Jumapili moja baada ya ibada, mzee mmoja alinivuta kando akaniuliza, "Mwalimu, wakija kupima makaa ya mawe katika shamba langu, nami nikakubali, je, nitakuwa nimemkosea jirani?" Sikuwa na jibu siku ile. Nimelifikiri swali hilo sana, na leo napenda tulifikiri pamoja.

Habari za makaa ya mawe si ngeni kwetu sisi wa Kitui. Serikali imekwisha kuchimba mashimo mengi ya kupima katika Bonde la Mui, na bonde likagawanywa mafungu manne. Mwaka 2013 mkataba wa mafungu mawili ulitiwa sahihi na kampuni. Tangu hapo vijana wanangojea kazi, na wazee wanahofia maji. Wote wana haki ya kusikilizwa. Kijana asiye na kazi hashibi kwa hofu yetu, wala makaa hayanywewi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alijaza karai mchanga, akatia maji, kisha akachimba vishimo viwili. Alipoteka maji katika kimoja, maji ya kile kingine yakashuka. Akatia wino katika kimoja. Baada ya muda tukauona katika cha pili. Sisi tunaochota maji katika mchanga wa mito mikavu twalielewa somo hilo bila karai.

Hivyo ndivyo ilivyo chini ya ardhi. Shimo la kupima hupita matabaka kadhaa. Lisipozibwa vizuri kwa bomba na saruji, maji ya chumvi yaweza kuingia katika maji matamu. Na machimbo yenyewe yakianza, maji hupigwa pampu ili shimo likauke, na visima vya kandokando huweza kupungua. Tena makaa yenye kiberiti, yakipata hewa na maji, huweza kutoa maji makali yanayoharibu mito.

Basi mawe ya mpaka yanaishia juu. Mtu aweza kukubali au kukataa habari za mihogo yake, miembe yake na nyumba yake. Lakini maji hayakai kwake peke yake. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yasema maji ya nchi yako mikononi mwa Serikali kama amana kwa ajili ya wananchi. Amana haiuzwi na aliyewekewa, sembuse na mtu mmoja apewapo bahasha jioni.

Kwa hiyo namjibu mzee wangu hivi: Kukubali si dhambi. Kosa ni kukubali peke yako, kwa siri, juu ya kitu ambacho watoto wa jirani watakinywa. Hata Mahakama Kuu, ilipoamua kesi ya Bonde la Mui mwaka 2015, ilieleza kwamba wananchi washirikishwe kwa kweli, si kwa jina tu.

Lakini kushirikishwa bila maarifa ni kupiga makofi tu. Tahadhari ni kabla ya hatari. Kila kijiji kiwe na daftari. Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, tupime kina cha maji katika kila kisima kwa kamba, tuandike ladha yake na tarehe. Kisima kikikauka baadaye, tusije tukaambiwa kwamba kilikuwa kikavu tangu zamani. Tena tuulize mapema, mbele ya wote: Mashimo yatazibwa kwa nini? Nani atapima maji, na nani atalipa yakiharibika? Majibu yaandikwe. Kazi hii yawafaa vijana wetu waliosoma, nao wakiifanya hawatakuwa adui wa kazi wala wa wazee.

Mkumbuke Isaka. Aligombewa visima viwili, akaviita Eseki na Sitna, yaani ugomvi na uadui. Cha tatu hakikugombewa, naye akakiita Rehobothi, kwa kuwa palikuwa na nafasi kwa wote. Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote, kila mmoja wetu na ajiulize ni kisima kipi kati ya hivyo anachowachimbia wajukuu.

Wenu katika Bwana,
Mwalimu mstaafu